Vibanio vya Apondi

Yanauzwa kwa kilo, Kibuye, Jumapili,
ukishapita mabati, kabla hujafika kwenye viatu:
majarida ya mitindo ya wanaume,
yaliyokwisha kusomwa na watu nisiowajua
katika miji ya baridi.
Mama Akeyo huyapima kwa mizani ile ile
iliyopima maharagwe jana.
"Ya kufungia njugu, baba, au ya kuwashia jiko?"
Ya jiko, nasema.
Mtu wa makamo, mpima miwa wa Muhoroni,
atasemaje mbele za watu:
ya kutazama?

Nyumbani, taa ya sola ikining'inia msumarini,
nanawa mikono mara mbili.
Molasi haimwachi mtu kirahisi.
Kisha nafungua.

Sitafuti bei. Bei naifunika kwa kidole gumba.
Natafuta nuru ilipotua:
begani, ikateleza hadi kwenye kiwiko,
ikakawia kidogo kwenye kifungo cha tatu,
kile kilichoachwa wazi makusudi
kama mlango wa mtu
anayemngoja mgeni asiyetaka kumtaja.
Naona mkunjo. Mkunjo ule haukusahauliwa.
Kuna mtu alisimama pale akasema:
pasi isiguse hapa.

Soksi ya rangi ya haradali. Nani alithubutu?
Suti ya sufu, kijivu,
kijivu cha mawingu juu ya milima ya Nandi saa tisa mchana
mvua ikiwa bado inashauriana.
Na huyu mwingine kaegemea ukuta uliobambuka rangi,
hata ukuta umevaa.

Lumbasi wa kreni aliwahi kuliona moja mkobani mwangu.
"Suti hizi zakuhusu nini,
wewe mwenye ovaroli moja?"
Sikumjibu. Lumbasi hutazama mpira
kila Jumamosi hadi usiku wa manane,
na hakuna timu iliyowahi kumwita.

Sasa, ukurasa wa sitini na nne.
Kijana mweusi tii, shingo ndefu,
koti la buluu limemkaa kama maji yalivyokaa mtungini.
Nyuma yake kuna kioo.
Nilikuwa nimeupita ukurasa huo mara ishirini
ndipo nikakitazama kioo:
mgongo wake, na juu ya mgongo, vibanio.
Vya kuanikia nguo! Vinne,
vimelibana koti toka mabegani hadi kiunoni.
Walikisahau kioo.

Nikacheka hadi Apondi akageuka kitandani.
Kumbe hata yeye halimtoshi.

Baba alikuwa karani wa reli, mtu wa mabega.
Koti lake limelala sandukuni na nafthalini
miaka kumi na miwili,
na kila nilipolijaribu
nilikuwa mtoto aliyejificha ndani ya mtu.

Jumamosi nikaenda Kondele, studio ya Okinda.
Pasipoti? Harusi?
Nikamwambia: kunja hayo maporomoko yako ya rangi.
Zima taa. Mlango uache nusu.
Akanitazama kama mteja aliyepotea njia.
Nikampa mgongo,
nikamkabidhi vibanio vitano, viwili vyekundu.
"Bana," nikasema.

Nuru ya barabara ikaingia na vumbi lake,
ikatafuta pa kukaa,
ikakaa begani.
Okinda akanyoosha mkono autoe mkunjo kwenye kiwiko.
"Uache huo."
Akauacha. Akarudi nyuma hatua moja,
akanyamaza,
halafu, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, akasema:
"Geuza kidevu. Kidogo. Hapo."

Picha nimeitia ndani ya jarida, ukurasa wa sitini na nne.
Yule kijana na mimi tumelala uso kwa uso,
kila mmoja na siri yake mgongoni.

Huko uani Apondi ameshika shuka linalochuruzika,
upepo wa ziwa unalivuta upande wake,
na anauliza, mara ya tatu sasa,
ni nani aliyechukua vibanio vyake.